Cherero wa Fischer: ndege wa porini anapozaliwa tunduni

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba ndege wa porini akishaanza kuzaana tunduni, basi amenusurika: soko litapata ndege wa kutosha pasipo mitego, na aina yenyewe itakuwa na akiba mahali salama endapo porini itatoweka. Sehemu ya kwanza ya dhana hiyo ina ukweli mwingi. Sehemu ya pili ina mashaka makubwa, na mashaka hayo yanaonekana vizuri kwa cherero wa Fischer, kasuku mdogo wa kaskazini mwa Tanzania ambaye wafugaji wa Ulaya, Marekani, Asia na Afrika Kusini wamekuwa wakimzalisha kwa vizazi vingi sasa.

Ndege huyu hazidi sentimita 15 kwa urefu na ana uzito wa gramu 50 hivi. Mwili wake ni wa kijani, uso na koo ni vya rangi ya chungwa, mdomo ni mwekundu, kiuno ni cha buluu, na jicho limezungukwa na duara la ngozi nyeupe isiyo na manyoya. Makazi yake ya asili ni nyanda zilizo kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, Serengeti ikiwamo. Hula mbegu za nyasi na za migunga, na haoni haya kuvamia mtama wa mkulima. Hutaga ndani ya mashimo ya miti. Jina la Fischer ni la Gustav Fischer, msafiri mvumbuzi wa Kijerumani wa karne ya 19, naye mtaalamu wa ndege Anton Reichenow ndiye aliyemwandika rasmi katika sayansi mwaka 1887.

Katika miaka ya 1980 cherero huyu alikuwa miongoni mwa kasuku waliokamatwa porini na kuuzwa nje kwa wingi kuliko wengine wote duniani. Mapema katika miaka ya 1990 Tanzania ilisitisha biashara yake; Marekani ilipitisha sheria ya kubana uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992; Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa muda mwaka 2005 na kwa kudumu mwaka 2007; na mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Hata hivyo soko la cherero halikufa, kwa sababu ndege waliokwisha kuvuka bahari walikuwa wanazaana vizuri sana. Hapo ndipo ufugaji ulipomsaidia ndege wa porini, na si haki kuudharau mchango huo. Kinachobaki ni kuuliza ni ndege wa namna gani anayetoka ndani ya matundu hayo.

Ugumu wa kwanza ni kupata jozi. Cherero wa Fischer jike na dume hawatofautiani kwa rangi wala kwa umbo, na hata namna wanavyokaa pamoja inaweza kumpotosha mtu. Majike wawili waliowekwa tundu moja hushikamana, hulishana na hujenga kiota, kisha wote wawili hutaga. Mfugaji anayekuta mayai manane au kumi katika kiota kimoja, yote yakiwa hayana mbegu, kwa kawaida ana majike wawili. Wafugaji wa zamani walipapasa mifupa ya nyonga kwa kidole, wakijua kwamba ya jike aliyefikia umri wa kutaga huachana zaidi, lakini njia hiyo hukosea mara nyingi. Siku hizi manyoya machache yaliyong'olewa kifuani hupelekwa maabara, nako jinsia husomwa katika vinasaba. Ndege hufuata mpangilio ulio kinyume na wetu: dume ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) mbili zinazofanana, ziitwazo Z, ilhali jike ana Z moja na W moja, hivyo yai ndilo linaloamua kinda atakuwa wa jinsia gani. Jambo hili tutalirudia kwenye rangi.

Jozi ikishapatikana, hupewa sanduku la mbao lenye tundu la kuingilia pamoja na vitawi vibichi au vipande vya majani ya mnazi. Jike huvichana kwa mdomo kuwa nyuzi ndefu na kuziingiza ndani ya sanduku, na kazi hiyo haifanywi kwa ajili ya kupamba tu. Nyuzi mbichi huleta unyevu, na yai linalokaa katika hewa kavu kupita kiasi hupoteza maji hadi kinda anashindwa kujigeuza na kulivunja ganda. Mayai huwa matatu hadi manane, nayo hutagwa kwa kuruka siku. Jike huatamia peke yake kwa siku 23 hivi, huku dume akimletea chakula. Kwa kuwa huanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga, makinda hawaanguliwi kwa mkupuo mmoja. Yule wa mwisho huweza kukuta ndugu yake wa kwanza ana zaidi ya wiki moja na ana gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni, lililojaa, na asipoangaliwa hukanyagwa au hufa njaa.

Baada ya siku kama sita au saba za kuatamiwa, mfugaji huweza kulimulika yai gizani kwa tochi ndogo. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu inayotawanyika kutoka katika kitone kimoja cheusi. Yai lisilorutubishwa hubaki na mwanga wa manjano mtupu. Yai ambalo kiini chake kilianza kukua kisha kikafa huonyesha duara la damu lililoganda, bila tawi lolote, na hilo huashiria joto lililokatika, maambukizi au kasoro ya kurithi. Ukiona maduara hayo mwaka baada ya mwaka kwa jozi ileile, ni vyema kuuliza kama mume na mke si kaka na dada.

Makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki sita hivi, na baba huendelea kuwalisha kwa muda mpaka waweze kumenya mbegu wenyewe. Wapo wafugaji wanaowatoa mapema ili wawalishe kwa mkono, kwa kuwa kasuku aliyelelewa na mtu hazoei tu kushikwa bali hununuliwa kwa bei ya juu. Kazi hiyo ina hatari zake. Uji ukipoa chini ya joto la mwili hukaa goleni bila kushuka na kuchacha. Ukizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi huunguza gole, na kidonda huonekana siku chache baadaye chakula kinapovujia kifuani. Kwa hiyo kipimajoto hapa ni chombo cha lazima, na wafugaji wazoefu hulenga nyuzi 39 hadi 41. Hatari nyingine ni ya kitabia: kinda anayelelewa peke yake na binadamu huweza kukua akimtafuta binadamu kama mwenzi, asijue la kufanya anapowekewa ndege mwenzake. Kwa mtu anayetaka rafiki wa sebuleni hilo si tatizo. Kwa anayedai kuhifadhi aina, ni hasara.

Magonjwa nitayapitia kwa kifupi. Jike mchanga au asiyepata chokaa ya kutosha hukwama na yai, na huweza kufa kwa muda mfupi, ndiyo maana mfupa wa ngisi hauondolewi tunduni. Mbegu za alizeti peke yake humnenepesha ndege na kumkosesha vitamini A. Kuna virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo wa kasuku na kudhoofisha kinga yao, ambavyo hupita kwa vumbi la manyoya na kinyesi, na havina tiba. Kuna pia bakteria wanaoweza kumwambukiza binadamu homa ya mapafu kutokana na vumbi la kinyesi kilichokauka. Mfugaji mwenye kikohozi kisichokwisha ana sababu ya kumwambia daktari kwamba anafuga kasuku.

Tuje kwenye rangi, kwa sababu ndipo ndege wa tunduni anapoanza kuachana na ndugu yake wa porini. Katika unyoya wa kasuku hakuna rangi ya kijani. Ndani ya unyoya kuna muundo mdogo sana unaotawanya mwanga wa buluu, chini yake kuna rangi nyeusi inayomeza mwanga mwingine, na juu yake kuna rangi ya manjano. Buluu ikipita kwenye manjano, jicho letu huona kijani. Kasuku huitengeneza rangi hiyo ya manjano, pamoja na nyekundu, ndani ya unyoya wenyewe, wala hawaitoi katika chakula kama ndege wengine wengi wanavyofanya. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza kasuku wadogo wa Australia walibaini jeni inayoongoza utengenezaji huo na kuonyesha kwamba badiliko dogo ndani yake linatosha kuuzima. Rangi ya manjano ikikosekana, kijani hugeuka buluu, na uso wa chungwa hubaki mweupe.

Cherero wa buluu kwa hiyo hana kitu kipya alichoongezewa; kuna kitu alichopungukiwa. Upungufu huo hurithiwa kwa kujificha. Ndege mwenye nakala moja nzima ya jeni na moja mbovu ni wa kijani, na hakuna jicho linaloweza kumtenga na kijani mwingine. Ukimpandisha wa buluu na wa kijani halisi, makinda wote watakuwa wa kijani, kila mmoja akiwa amebeba buluu ndani yake. Ukiwapandisha wabebaji wawili, kila kinda ana nafasi moja katika nne ya kuwa wa buluu, mbili katika nne ya kuwa mbebaji na moja katika nne ya kuwa safi. Hesabu hii ni ya kila yai na haitoi ahadi kwa kiota kizima: jozi ya wabebaji inaweza kuangua makinda watano wa kijani, na mfugaji asiyeelewa hilo hufikiri ametapeliwa.

Rangi nyingine hufuata kromosomu Z. Kwa cherero wa uso wa waridi, ndege wa Namibia, Angola na kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini ambaye ndiye anayefugwa zaidi, rangi ya manjano tupu yenye macho mekundu imekaa kwenye Z. Dume wa manjano akipandishwa na jike wa kijani, binti zote huwa wa manjano na vijana wote wa kiume huwa wa kijani wenye kuibeba rangi hiyo, kwa kuwa binti hana Z nyingine ya kuifunika ile aliyopewa na baba. Kwa hiyo katika kiota hicho jinsia hujulikana kwa rangi tu, pasipo maabara. Kwa cherero wa Fischer rangi hiyohiyo ya manjano haifuati Z, bali hurithiwa kwa kujificha kama buluu.

Na rangi hiyo ya manjano haikuanzia kwa cherero wa Fischer. Ilitoka kwa cherero wa Nyasa, ndege wa Malawi, Zambia na maeneo ya jirani, ikahamishiwa kwa wenzake wenye duara jeupe la jicho kwa njia ya uchotara: mfugaji humpandisha ndege mwenye rangi anayoitaka na cherero wa Fischer, kisha huwarudisha makinda kwa cherero wa Fischer kizazi baada ya kizazi, akichagua wanaofanana zaidi na Fischer na bado wana rangi ile. Buluu ya cherero kichwa-cheusi, aina nyingine ya Tanzania, ilikwishaonekana kwa ndege aliyekamatwa porini katika miaka ya 1920 na kufikishwa London, na imekuwa ikisambazwa kwa namna hiyohiyo. Baada ya vizazi kadhaa ndege anayeketi mbele yako ana sura ya Fischer, lakini damu yake ni mchanganyiko usioweza kutenganishwa kwa macho. Mashindano ya urembo wa ndege hupima sura; jeni nyingine zilizopenya pamoja na rangi hazipimwi.

Je, mchanganyiko una madhara gani? Jibu lililo wazi kuliko yote lilitolewa na William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika makala aliyochapisha mwaka 1962. Cherero wa uso wa waridi ana desturi ya ajabu: jike hukata nyuzi za ganda la mti au karatasi, huzichomeka kadhaa kwa pamoja katikati ya manyoya ya kiuno chake, kisha huruka nazo hadi kiotani. Cherero wa Fischer hubeba uzi kwa mdomo, mmoja mmoja. Dilger aliwapandisha hao wawili. Machotara waliozaliwa walikata nyuzi vizuri, lakini ilipofika kuzibeba walivurugikiwa: waligeuza kichwa nyuma, wakachomeka uzi wasiuachie, au wakauachia haujashika, au wakachomeka mahali pasipofaa, hadi ukaanguka. Waliofika kiotani na uzi walikuwa ni wale walioubeba mdomoni. Ilichukua miaka kadhaa ya mazoezi kwao kuubeba kwa mdomo kama kawaida, na hata hapo walikuwa bado wanageuza kichwa kuelekea kiunoni kabla ya kuruka. Machotara hao walikuwa tasa, kwa hiyo habari yao iliishia hapo.

Lakini cherero wa Fischer na cherero kichwa-cheusi ni ndugu wa karibu zaidi, na makinda wao huzaa bila shida. Katika Tanzania, ambako wote wawili ni wenyeji, kila mmoja ana eneo lake: wa Fischer yuko kaskazini-magharibi, na kichwa-cheusi yuko kuanzia Tarangire kuteremka Dodoma hadi Iringa. Kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako hakuna hata mmoja aliye mwenyeji, ndege waliotoroka au kuachiliwa kutoka katika biashara na ufugaji wamekutana na kuchanganyika, na leo migunga ya huko ina makundi ya machotara wanaozaana bila msaada wa mtu. Watafiti waliokwisha kuwachunguza walieleza ushindani wao na ndege wenyeji katika kugombea mashimo ya miti. Mtalii huwapiga picha akidhani ameona ndege wa asili wa Kenya. Kwa maoni yangu, Naivasha ni jibu tosha kwa kila mtu anayependekeza kwamba ndege wa matundu waachiliwe wakaongeze idadi porini: ndege asiyejulikana nasaba akifunguliwa Serengeti, atakachokipeleka huko ni rangi za wafugaji, damu ya kichwa-cheusi na pengine virusi vya manyoya.

Hii haina maana kwamba uhifadhi kwa njia ya ufugaji hauwezekani. Unawezekana pale kila ndege anapoandikwa katika daftari la nasaba, jozi zinapopangwa ili ndugu wasipandishwe, rangi zisizo za porini zinapotengwa, na makinda wanapolelewa na wazazi wao. Shughuli hiyo ni ya gharama na haina faida ya soko, kwa sababu ndege wa kijani wa kawaida ndiye mwenye bei ya chini kuliko wote.

Sheria nayo ina mtazamo wake kuhusu maana ya kuzaliwa tunduni, na mtazamo huo ni mkali kuliko watu wanavyofikiri. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini na ulioanza kutumika mwaka 1975, uliwaweka karibu kasuku wote katika Kiambatisho cha Pili mwaka 1981, kwa hiyo huvuka mipaka kwa kibali tu. Katika kibali ndege aliyetoka porini huandikwa W, na aliyezalishwa tunduni huandikwa C. Ili astahili C haitoshi kwamba yai lilianguliwa ndani ya tundu. Azimio lililopitishwa Harare mwaka 1997 linataka wazazi wawe wamepandana katika mazingira yanayodhibitiwa, kundi la wazazi liwe limepatikana kihalali bila kuathiri ndege wa porini, lisiwe linaongezewa ndege wa porini isipokuwa kwa nadra na kwa sababu maalumu, na liwe limezaa wajukuu au limeonyesha kwa uhakika kwamba linaweza kuwazaa. Kinda wa jozi iliyonaswa mwaka jana kwa kawaida huangukia katika alama nyingine, F, yaani amezaliwa kizuizini lakini hajatimiza masharti. Tofauti hiyo iliwekwa kuziba njia ya anayenasa wazazi kila msimu na kuuza makinda kama mazao ya shamba.

Ushahidi wa kawaida ni pete. Kinda akiwa na umri wa siku kumi hivi, vidole vyake vitatu husukumwa mbele na kupitishwa katika pete isiyo na mwanya, yenye upana wa milimita nne na nusu hivi na namba ya mfugaji na mwaka, kisha kidole cha nyuma huchomolewa kwa kijiti. Wiki moja baadaye mguu umeshanenepa na pete haiwezi tena kuingia wala kutoka. Kwa hiyo pete inathibitisha kwamba ndege alikuwa mikononi mwa mtu tangu akiwa kinda. Haithibitishi wazazi wake walitoka wapi, wala kwamba yeye mwenyewe hakuchukuliwa kiotani porini akiwa na siku nane; hilo hujibiwa kwa kupima vinasaba vyake na vya hao wanaodaiwa kuwa wazazi.

Ndani ya nchi zetu hatua ya kwanza iko kabla ya hayo yote. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Kenya ina yake ya mwaka 2013, na chini ya zote mbili anayetaka kumiliki mnyamapori aliye hai anahitaji idhini ya mamlaka, hata kama ndege huyo ameingia nyumbani kama zawadi. Cherero wa uso wa waridi huleta mkanganyiko hapa, kwa sababu aliondolewa katika orodha ya CITES mwaka 2005, na wapo wanaodhani kwamba ruhusa hiyo inawafunika cherero wote. Haiwafuniki. Wa Fischer bado yumo, na chotara mwenye mzazi aliyeorodheshwa ndani ya vizazi vinne vya karibu kwa ujumla huhesabiwa kuwa ameorodheshwa pia. Chotara wa waridi na Fischer, kwa kuwa ni tasa, hana namna ya kufikisha kizazi cha tano. Kila mmoja wao ana mzazi mmoja wa Fischer, na kila mmoja anahitaji kibali ili avuke mpaka.